Majibu Yangu Yalilala Dirisha la Kina Mama

Daktari wa upasuaji alisoma karatasi, akanitazama usoni, akarudi kusoma juu kabisa, pale penye jina. Akaniuliza kama mimi ndiye Kulwa Ndaki. Nikasema ndiye, wa Buhongwa. Akaigeuza karatasi mezani ili na mimi niione, akaweka kidole. Palikuwa pameandikwa jinsia: Ke. Chini yake: titi, kushoto. Chini zaidi kulikuwa na maneno marefu ambayo sikuyaweza, mimi niliishia darasa la nne, lakini neno kansa nalijua hata likiandikwa vibaya.

Si neno hilo lililonimaliza. Hilo nilikuwa nimeshaanza kuliogopa nyumbani. Kilichonimaliza ni pale alipopeleka kidole kwenye tarehe, akawa anahesabu miezi kwa mkono wa pili, na vidole vyote vitano vikaisha.

"Baba," akasema taratibu, "jibu hili limekaa hapa hospitalini tangu vuli."

Tulikuwa masika. Dada yangu Doto alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, nikamsikia anavuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Nikawaza kitu kimoja tu. Miezi mitano kile kitu kimekuwa kikinila, na karatasi ya kukikamata ilikuwa hatua kama thelathini kutoka kwenye benchi nililokuwa nakaa kuisubiri.

Nayaandika haya kwa ajili ya mwanaume mwenye kauvimbe kifuani anayejiambia kataisha kenyewe. Jina la hospitali silitaji, maana bado nachukulia dawa pale. Watu nitawataja.

Ilianza kiangazi cha mwaka uliotangulia. Nilikuwa nimepunguzwa kazi kwenye kinu cha pamba, zamu yetu nzima tulipunguzwa, nikaenda kama wengi walivyokwenda, kwenye viwanda vya samaki vilivyokuwa vinafunguliwa ufukweni. Kazi yangu ilikuwa kubeba makreti ya sangara kutoka mtumbwini hadi kwa wakata minofu. Kreti unaliegemeza kifuani. Kwa hiyo siku nilipokuwa naoga nikagusa kitu kama harage nyuma ya chuchu ya kushoto, nilisema ni makreti. Hakikuuma. Nikadhani kisichouma hakina neno.

Mke wangu Minza aliposhika naye akasema nenda kaangaliwe. Nikaenda zahanati ya Lameck, kando ya barabara ya Shinyanga. Miaka ile serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi, na kila mwenye koti jeupe na ubao wa rangi alifungua zahanati. Lameck alikuwa mfunga vidonda kabla ya kustaafu. Alikiminya kile kitu kwa dole gumba, mlango uko wazi, akawaambia watu waliopanga foleni nje waje wamwone mwanaume anayejiandaa kunyonyesha. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanya nini. Akasema ni jipu baridi, akanichoma sindano siku kumi mpaka nikawa nakalia upande mmoja. Harage likabaki pale pale. Mimi sikurudi kwake, na yeye hakuniambia niende kwingine.

Mwezi uliofuata nikaona doa la damu kwenye koti la kazini. Kiwandani kila mtu ana damu kwenye koti. Magesa, tuliyekuwa tukibeba pamoja, hakuona ajabu yoyote. Lakini damu ya samaki huingia kutoka nje. Ile ilikuwa inatoka ndani, mahali pamoja, kila siku. Nilikuwa nalifua koti mwenyewe bombani kabla ya kurudi nyumbani ili Minza asione. Nilifua wiki mbili.

Nikavuka kwenda kwa Doto. Asiye wa kwetu nimweleze: Usukumani mapacha, wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, awe mwanamume au mwanamke. Jina halichagui. Mimi nilitangulia, Doto akafuata, na tangu utotoni yeye hujua mambo yangu kabla sijayasema. Ni mshona nguo, ameolewa ng'ambo, upande wa Sengerema. Pale Kigongo nilikaa karibu nusu siku, magugu maji yalikuwa yameziba gati na kivuko hakiwezi kusogea. Nilipofika nikavua shati. Doto alitazama damu kwenye shati. Alilikunja, akaniletea jingine la mume wake, tukaenda kwa daktari mmoja wa huko anayeitwa Festo.

Festo ndiye wa kwanza kunishika bila kucheka. Alinishika titi, akanishika kwapani muda mrefu, akasema kwapani bado hakuna kitu. Aliniambia wanaume nao hupata, ni wachache lakini hupata, na kwamba hawezi kujua mpaka nyama ipimwe. Akanipiga ganzi, akakata kipande, akakitia kwenye chupa yenye dawa inayochoma pua. Hapo hakukuwa na wa kuisoma nyama ile. Utaratibu ulikuwa huo: daktari anakata, ndugu anabeba kuipeleka maabara ya hospitali kubwa mjini.

Kabla sijaondoka alinikalisha. Alisema kama ni yenyewe, na kwa kuwa bado ni changa, njia ziko mbili. Moja ni kutoa uvimbe na nyama kidogo ya kuuzunguka, titi linabaki, lakini baada ya hapo lazima niende Dar es Salaam kuchomwa mionzi wiki nyingi, maana kwetu mashine hiyo haipo. Nyingine ni kuondoa titi lote pamoja na chuchu na kupima tezi za kwapani. Hiyo ingefanyika Mwanza, na huenda Dar nisingehitaji. Alisema wanaume wengi hufanyiwa hiyo ya pili kwa sababu nyama yetu ya kifuani ni kidogo, ukitoa uvimbe hakuna kinachobaki. "Lakini kifua ni chako," akaniambia. "Jibu likitoka, utachagua."

Nilitembea na maneno hayo. Nilikuwa na woga, lakini ulikuwa woga wa mtu mwenye la kufanya. Nilikuwa nimeshachagua moyoni: liondolewe lote, nibaki karibu na watoto, yaishe. Dar sikuijua, na nilisikia watu wanaenda kule hawarudi.

Usiku ule homa ikanishika, kidonda kikavimba. Kwa hiyo asubuhi chupa aliibeba Doto. Aliizungushia kitenge, akaiweka kwenye kikapu, akavuka nayo.

Sasa niieleze hiyo hospitali ya mjini ilivyokaa. Kuna korido, na pande zake mbili kuna benchi ndefu zinazotazamana. Mwisho wa korido kuna dirisha la wanaume na dirisha la kina mama. Chupa zote hupokelewa na karani mmoja, anaitwa Sospeter. Yeye ndiye anayejaza fomu, na yeye ndiye anayekaa dirisha la wanaume kutoa majibu.

Jumanne ilikuwa siku yangu ya mapumziko kiwandani. Nikawa nakwenda Jumanne. Nilimpa Sospeter kadi, nikasema nimefuata majibu ya maabara. Nyama ilitolewa wapi sikusema. Nyuma yangu kulikuwa na watu wenye masikio, na kicheko cha zahanati ya Lameck nilikuwa nacho bado. Sospeter alipekua rundo lake akasema hakuna. "Yakitoka utaitwa."

Na kweli niliitwa. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Kila Jumanne Sista Adelina wa dirisha la kina mama alitoka na karatasi zake akawa anaita. Aliita mama Holo na wengine, kisha aliita mama Kulwa. Mwanza ukitaja Kulwa kwenye benchi la hospitali wanainuka watu wanne, kwa hiyo sikushtuka. Niligeuza shingo kama wengine kumtazama huyo mama atakayeinuka. Hakuinuka mtu. Jumanne nyingine akaitwa tena, kimya. Mzee tuliyekaa naye akasema huyo mama labda ameshakufa. Nami nikasema, pole yake.

Nilikwenda mara nne, nikaacha. Kwetu hospitali ikinyamaza unachukua kwamba huna kitu. Nilimwambia Minza wangekuwa wameona jambo wangeshanitafuta. Akanitazama, akaendelea kupepeta mchele.

Mwili haukunyamaza. Chuchu ilianza kurudi ndani, siku baada ya siku, mpaka pakawa na shimo. Ngozi kando yake ilijikunja kama kitambaa kilichovutwa uzi. Kisha kwapani nikakuta punje kama karanga. Nilikuwa naigusa kila baada ya muda mfupi, kazini, njiani, mezani, nikitumaini itakuwa imepotea. Nikapungua. Sijui ni ugonjwa au ni hofu, lakini suruali ilikuwa inashuka. Na miaka ile mtu akikonda watu walikuwa na jina moja tu la ugonjwa. Hawalisemi. Magesa aliomba abebe na mtu mwingine. Shemeji yangu, kaka yake Minza, akaja nyumbani, akanisalimia vizuri, akanywa maji, halafu akamwambia dada yake arudi kwao akapime kwanza. Minza alimjibu mbele yangu kwamba yeye kwao ni hapo. Lakini binti yetu Kabula alikuwa amesikia, na kuanzia siku hiyo akawa ananitazama ninapokula.

Masika Doto akaja bila kuitwa. Aliponiona mlangoni alivua viatu akavivaa tena, akasema twende. Ilikuwa Jumanne.

Dirishani Sospeter akasema kama kawaida, hakuna. Doto akasogeza uso pale penye tundu.

"Chupa niliileta mimi," akasema. "Nilikupa wewe, kwa mkono wangu."

Sospeter akamwangalia. "Wewe? Basi hayo ni majibu yako, mama. Nenda dirisha la pili."

"Yangu kwa vipi? Ni ya kaka yangu huyu."

"Titi la kaka yako?"

Watu wakacheka nyuma yetu. Doto akajitoa kwenye foleni. Alikwenda dirisha la pili, mimi nikimfuata kama mtoto. Sista Adelina alivuta sanduku, akatoa karatasi iliyojikunja pembe. Akamwambia jamani mama Kulwa, tumekuita mpaka tumechoka. Doto akaninyooshea kidole mimi. Yule sista akakaa chini. Akatoka mwenyewe akatushika mikono kutupeleka kwa daktari wa upasuaji bila foleni.

Hapo ndipo nilipoanzia. Daktari yule alinipima, akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko mtu anavyonawa. Nikamwambia Festo alisema nitachagua, na mimi nimechagua kuondoa lote niishie hapa hapa.

"Lingekuwa kama alivyoliona yeye, ningekuuliza unataka lipi," akasema. "Sasa sikuulizi."

Akaeleza. Uvimbe umeshika ngozi, umeshika chuchu, na tezi za kwapani zimeingiliwa. Kuondoa uvimbe peke yake hakuna tena. Ataondoa titi lote na tezi za kwapani. Na mionzi ya Dar, ambayo huenda nisingeihitaji, sasa lazima.

Tukatoka nje. Pale penye ngazi nikamgeukia Doto, nikamwambia ameniua. Nilimwambia angesema neno moja tu, kwamba chupa ni ya mwanamume, haya yasingekuwa. Watu walikuwa wanapita. Doto hakulia.

"Karani hakuniuliza," akasema. "Aliniangalia kifuani, akaandika."

Akaniacha pale akaenda kituo cha magari ya Kigongo. Nilirudi nyumbani peke yangu, nikamwambia Minza habari zote nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa sitaweza.

Nilisubiri upasuaji siku nane. Sijui nizielezeje. Nilikuwa nikimwona mtu anacheka naona ajabu. Nilimwonyesha Kabula mahali zilipo hati za kiwanja. Siku yenyewe muuguzi aliponinyoa kifua, daktari akaja na kalamu, akachora mstari kutoka katikati ya kifua mpaka kwapani, mrefu, nikashindwa kuamini kwamba kitu cha ukubwa wa harage kinahitaji njia ndefu namna hiyo. Nilimuuliza yule wa nusu kaputi kama kuna mtu amewahi kuamka katikati.

"Mzee, wewe lala," akasema. "Kazi ya kuamka niachie mimi."

Nilipoamka nilidhani mtu ameniwekea tofali kifuani. Kulikuwa na mpira unatoka ubavuni unaingia kwenye chupa sakafuni, na maji mekundu yanashuka humo. Siku sita sikutazama. Bandeji ilipofunguliwa niliangalia ukuta, kisha nikajilazimisha. Palikuwa bapa. Mshono kama njia ya siafu, na chini ya ngozi, penye ubavu, niliuona moyo wangu unapiga. Mtu hatakiwi kuuona moyo wake. Niliomba wanifunike.

Doto alikuja siku ya tatu, na chupa ya uji. Alikaa mwisho wa kitanda. Alisema kwanza amepitia kwa Festo kujipima, kwa kuwa huko kwao walishaanza kusema kilichompata Kulwa kitampata na Doto. "Sina kitu," akasema. "Nimekuambia kabla hujaniuliza." Nikataka kumwomba radhi, nikachukua chupa ya uji. Nikanywa uji wote. Nadhani alielewa.

Kidonda nilikuwa nakwenda kuoshwa Jumanne, na kliniki ya matiti ni kliniki ya kina mama, hakuna nyingine. Siku ya kwanza nilisimama nje ya mlango, kofia usoni. Mama mmoja wa Ukerewe, naye kifua upande mmoja, akasogeza wenzake kwenye benchi. Akaniambia, "Kaa, baba. Hapa hakuna mgeni." Walinionyesha jinsi ya kulala na mto chini ya mkono, na jinsi ya kuutambaza mkono ukutani kwa vidole, kila siku juu zaidi kidogo. Nyumbani Kabula alikuwa anaweka alama ya mkaa pale vidole vinapofika. Zile alama Minza alikataa kuzifuta hata tulipopaka chokaa.

Kiangazi nikaenda Dar, Doto akanisindikiza kwa treni, akaacha cherehani yake imefunikwa. Wiki tano za mionzi. Ngozi iliungua ikawa nyeusi kama kitako cha sufuria, nikawa navaa kanga yake begani kwa kuwa shati halivumiliki. Wakati ule niliyaona yote kwa pamoja: nilikatwa lote, na Dar nikaenda vilevile. Zile njia mbili za Festo nilipewa zote, na tezi za kwapani nikapoteza pia, na mkono wa kushoto mpaka leo unavimba nikibeba ndoo. Makreti basi tena.

Sasa ni mwaka wa tatu. Nakunywa kidonge kila siku. Nikikohoa, naogopa. Mgongo ukiuma, naogopa, na Minza ananiona nikijipapasa upande wa kulia anageuza uso. Kwa hiyo wewe ndugu yangu mwenye kauvimbe, au chuchu inayotoa kitu, usione haya kama mimi. Dirishani sema kwa sauti: nyama ilitoka kwenye titi, na mimi ni mwanamume. Acha wacheke. Wakikuambia utaitwa, usiondoke. Na daktari akuambie njia zote kungali mapema, maana zikipita hazirudi.

Nilikwenda kwa Lameck. Ubao wake ni mpya. Alisema kosa ni langu, sikurudi. Nilikwenda na Doto kwa Sospeter. Hakukasirika. Aliweka kalamu chini akasema chupa imeletwa na mwanamke, jina Kulwa, nyama ya titi. "Wewe ungeandika nini?" akaniuliza, na niliona kweli anataka kujua. Nikapanda kwa mkubwa wa hospitali, akasema ni makosa ya kibinadamu, niandike barua. Nimeandika mbili, Kabula akinisahihishia. Hazijajibiwa.

Basi nakujibu hapa, Sospeter. Mimi nisingeandika. Ningemuuliza yule mwanamke chupa ni ya nani. Maneno manne, hayahitaji shule. Sasa na wewe unijibu, na mkubwa wako aweke sahihi chini ya jibu lako. Miezi mitano pale korido mnaita mama Kulwa hatokei, na dirishani kwako amesimama Kulwa ana kadi, unamwambia hakuna. Ulikuwa unasubiri nani afe ndipo ulinganishe hayo majina mawili?